Penalti Ambayo Sikuipangua

Vijana wa Timu ya Soko, nianze kwa shukrani. Asanteni kwa bango mlilonichorea juu ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Mchoraji amenipa kifua kipana, shingo ya fahali na nywele ambazo sijawahi kuwa nazo hata utotoni, na chini ameandika kwa rangi nyekundu: "Kizibo, aliyekataa taifa kwa ajili yetu." Asanteni pia kwa kutonisalimia tangu Jumapili. Mzee akipita chini ya picha yake mwenyewe, na vijana walioegemea ukuta huo wakageuza shingo kama hawamwoni, hapo najua klabu yetu ina nidhamu.

Kosa langu nalijua. Biira, kipa wa timu yetu ya wanawake, binti wa Nyakiyumbu, aliitwa timu ya taifa na kambi ilianza siku chache kabla ya fainali yetu. Akasimama mbele ya mkutano wa klabu, akasema haendi, atabaki kulinda lango la Soko kama alivyofanya Mzee Kizibo. Mkapiga makofi. Mwenyekiti akalia. Siku mbili baadaye mimi nikaenda nyumbani kwao, nikazungumza naye, na asubuhi iliyofuata akapanda basi la Kampala. Jumapili tukafungwa mbili bila. Sasa mnataka kujua nilimwambia nini. Wengine mnasema nimezeeka vibaya, wengine mnasema nina wivu, sitaki mtu mwingine achorwe ukutani.

Nitawajibu. Lakini nimekuwa mwalimu wa makipa kwa muda mrefu na siwezi kumaliza jambo bila kufundisha, kwa hiyo mtavumilia somo kwanza.

Uwanja wetu wa Bwera mnaujua ulivyo leo, una nyasi na uzio na kibao cha mdhamini. Enzi zangu, msimu wa mavuno, uwanja ulikuwa mali ya kahawa. Akina mama walitandika maturubai kuanzia lango hadi lango, wakaanika. Siku ya mechi walisogeza maturubai nyuma ya magoli, wakakaa juu ya mawe wakilinda kahawa yao isikanyagwe. Mpira haukuwahusu. Mechi yangu ya kwanza ilipigwa krosi, nikaruka vizuri kabisa, nikaudaka, nikatua, nikateleza na mpira wangu mkononi mpaka katikati ya turubai. Nilipoinuka nilikuwa na punje za kahawa mdomoni na bibi mmoja alikuwa tayari ameshika ufagio. Nikauachia mpira ili nijikinge kichwa. Mshambuliaji wao hakuwa na huruma, akautumbukiza wavuni huku bibi akinifukuza kuzunguka mlingoti.

Kocha wetu alikuwa mwanajeshi mstaafu, sote tulimwita Afande, na sidhani kama mtu yeyote Bwera alijua jina lake jingine. Alikuja wakati wa mapumziko, akanisimamia.

"Wewe kipa. Adui iko mbele, mama iko nyuma. Hapana pigana mbili. Chagua moja."

"Afande, alikuwa na ufagio."

"Na ule wengine alikuwa na mpira. Simama huko."

Tangu siku hiyo nilijifunza kukagua eneo langu kabla ya filimbi, na ninyi nawasihi mfanye hivyo hata kama mna viatu vya rangi ya chungwa. Tembea ndani ya boksi lako, gusa ardhi kwa kisigino. Tulipokwenda kucheza Kahendero, kule ziwani, viboko walikuwa wametoka majini kulisha uwanjani kabla yetu. Kiboko hajali ratiba ya ligi. Anaacha mashimo ya miguu yanayotosha kuogea mtoto, na mpira ukidunda pembeni ya shimo hilo unaweza kwenda popote, hata kwenu. Nyavu za magoli yao zilikuwa nyavu halisi za uvuvi, zinanuka sato. Nilicheza pale mara tisa na nguo zangu zilifuatwa na paka mpaka Bwera.

Na jua. Kipindi cha pili jua letu linashukia upande wa Kongo, na kipa aliyesimama goli la upande wa Kasese analitazama usoni. Kwa hiyo nahodha wako akishinda shilingi mwambie achague goli la Kasese kwanza, ili jua likianza kushuka liwe mgongoni kwako na machoni mwa mwenzako. Hili nimewaambia makipa wanne waliopita hapa. Wawili walinijibu kwamba siku hizi kuna video ya kumsoma mpinzani. Sawa. Jua lenyewe halijatazama hiyo video.

Kudaka nilifundishwa kwa ovakado. Afande alikuwa na mti nyuma ya nyumba yake. Alichuma yale mabivu kabisa, yanayobonyea kwa kidole, akasimama hatua kumi na kunirushia kwa nguvu zake zote za jeshi. "Shika kama mutoto," alisema. "Ikipasuka, unakula." Mwezi wa kwanza nilikula ovakado asubuhi, mchana na jioni, bila chumvi, mpaka nikawa siwezi kuutazama ule mti. Mwezi wa pili yakaanza kufika mkononi mazima. Siri ni kurudisha mikono nyuma kidogo wakati kitu kinafika, unakipokea kama mgeni, hukizuii kama mwizi. Leo mna koni za plastiki na fulana zenye vitu vya kupima mapigo ya moyo, na bado mnautema mpira miguuni mwa adui kila Jumapili. Mti wa Afande upo, bado unazaa. Hakuna anayeuuliza.

Huko ndiko nilikopata jina la Kizibo. Nilikuwa kipa mzuri. Nalisema hili bila kuona haya, kwa sababu ni sehemu ya pekee ya hadithi yangu mnayoisimulia ambayo ni kweli.

Sasa sahani. Wageni wakija klabuni hushangaa kuona sahani za bati zimetundikwa kwenye vibanda vya sokoni, na mnawaeleza kwa maneno mawili halafu mnakwenda zenu. Timu yetu haikuwa na mishahara. Ilikuwa na soko. Kila mchezaji aligawiwa kibanda, na mwenye kibanda akawa mama yake wa sahani: siku za soko na siku za mechi anakulisha, na wewe ukicheza ovyo yeye ndiye anayetaniwa wiki nzima. Jina lako linakwaruzwa kwa msumari chini ya sahani, na sahani inatundikwa mahali pake. Washambuliaji walikuwa wa safu ya samaki, mabeki wa safu ya vitunguu, na mimi nilipewa Mama Kavira, muuza mafuta ya mawese, Mkatoliki wa Butembo kule Kongo, aliyekuja na madumu yake na watoto saba na hakurudi. Msumari wangu ulikuwa karibu na rozari yake. Ukihama timu kwa heshima, mama wa sahani anaiosha, anaifunga kwenye kitenge, anakupa uende nayo. Msumari wako anapewa mwingine. Hairudishwi. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini hakuna mtu aliyewahi kuirudisha.

Mimi niliirudisha.

Siku niliyoitwa timu ya taifa, habari ilitangulia redioni. Mtangazaji alisoma: Bwambale wa Bwera. Mnajua kwetu mtoto wa pili wa kiume ni Bwambale, nadhani Bwera peke yake tungeweza kujaza timu tatu za akina Bwambale na mwamuzi. Kufikia jioni wawili walikuwa wameanza kufunga mabegi, na mmoja wao alikuwa fundi baiskeli asiyecheza mpira. Barua ilipofika ikasema wazi: kipa wa Timu ya Soko. Kambi inaanza Jumatano. Na Jumapili baada ya Jumatano hiyo tulikuwa na mechi ya kupanda daraja, ile ambayo klabu iliisubiri tangu ianzishwe.

Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo hadithi yenu inapopotea njia. Hakuna mtu aliyeniomba nibaki. Hakuna. Afande alisoma barua mara moja, akaikunja. "Amri ya nchi. Enda." Akamwita Masereka, kipa wa akiba, akaanza kumrushia ovakado siku ileile. Safu ya vitunguu ikachinja mbuzi. Kibanda kimoja cha video mjini kikaahidi kuonyesha mechi za taifa ili soko zima linione. Mama Kavira akaosha sahani, akaifunga kwenye kitenge chake kizuri cha kwenda misa, akanipa mbele ya watu.

"Mutoto yangu anaenda mu ekipe ya inchi," alimwambia kila aliyekuja kununua mawese, hata aliyekuja kununua kwa jirani. "Mie mwenye nilimulisha."

Jumanne nilifika Kasese kwenye kituo cha mabasi. Nilikuwa na begi, sahani, na glavu mpya za Kongo ambazo nilikuwa sijazivaa, zimo kwenye karatasi yake. Joto la Kasese mnalijua. Basi la kwanza likajaa. Nikasema nitangoje lenye nafasi mbele. La pili lilikuwa na nafasi mbele. Nikasema dereva wake haonekani mtulivu. Karibu yangu alikaa jamaa mmoja mwenye gazeti, akaniona nimeshika glavu, tukaongea mpira. Hakunijua. Akaniambia timu ya taifa ina makipa wawili wazuri sana, na kwamba wameita wa tatu kutoka sijui wapi huko, wa kuokota mipira.

"Kipa wa tatu," alisema, akacheka, hakuwa na ubaya wowote. "Huyo anakwenda kula tu."

Basi la tatu likaja. Kondakta akalichukua begi langu, akaliweka ndani. Nikalitoa. Akaniuliza kama nimesahau kitu. Nikamwambia ndiyo. Lile basi nililitazama likitoka mpaka likapinda.

Bwera nikipita sokoni, wanawake walikuwa wanaacha kupima samaki ili wanisalimie. Kampala ningekuwa mtu wa kubeba chupa za maji. Ningekaa benchi mbele ya nchi nzima, na kibanda kile cha video kingekuwa kimejaa watu wangu wakimtafuta Kizibo kwenye kioo bila kumwona. Niliogopa. Sina neno jingine la kuliweka hapo, na nimekuwa na muda wa kutosha kulitafuta.

Nikapata lori la saruji linalokwenda mpakani, nikakaa juu ya mifuko. Mwanzoni sikuwa na la kusema nikifika. Kufikia njia panda ya Kikorongo nilikuwa nimeanza kupata sababu. Kufikia Bwera sababu ilikuwa imeiva na kunona: nimerudi kwa ajili ya klabu, siwezi kuwaacha ndugu zangu Jumapili kama hii. Nikashuka nimejaa unga wa saruji kuanzia nywele hadi viatu, mweupe kabisa, mpaka mtoto mmoja akalia. Nikaisema hotuba yangu katikati ya soko nikiwa katika hali hiyo. Mtu aliyemla mbuzi wa kuniaga alinitazama kwa namna ya pekee.

Nikaenda kibandani, nikamnyooshea Mama Kavira sahani ndani ya kitenge. Kwenye msumari wangu ilikuwa imetundikwa sahani nyingine, ya Masereka. Hakuipokea yangu.

"Hii sahani inarudia nini?"

"Nimebaki, Mama. Klabu kwanza."

Akanifuta saruji usoni kwa pembe ya kanga yake, taratibu, kama anayesafisha chungu. "Mie niko mama ya batoto saba," alisema kwa sauti ya chini, majirani wasisikie. "Uso ya mutoto mwenye kuogopa, mie ninaijua. Basi kaa. Kula. Lakini musumari hakuna."

Alinipakulia. Sahani yangu aliiweka chini ya meza, nyuma ya madumu, na huko ndiko ilikokaa miaka yote niliyoichezea klabu hii baadaye. Na hakumwambia mtu.

Jumapili nikaenda uwanjani na glavu zangu mpya. Afande alikuwa na karatasi ya kikosi.

"Masereka nacheza. Wewe benchi."

"Afande, nimekataa taifa kwa ajili ya hii mechi."

"Mimi nilituma wewe Kampala. Wewe iko Bwera. Mutu ya jeshi akipotea njia kwa barabara moja, mimi hapana patia yeye bunduki."

Kwa hiyo mechi kubwa kuliko zote katika historia ya Timu ya Soko niliitazama nikiwa nimekaa kwenye benchi, kati ya ndoo ya maji na mwenye kushika bendera ya akiba. Niliokota mipira, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuiokota. Niliyoyakimbia Kampala niliyakuta yamenisubiri nyumbani, na huku hata chakula cha bure hakikuwepo. Dakika za mwisho, tukiwa sare ya moja kwa moja, wapinzani wakapewa penalti. Masereka aliruka mapema, upande ambao sio, kinyume cha kila kitu alichofundishwa, na mpira ukamgonga kisigino cha mguu uliobaki nyuma ukatoka nje. Tukarudi upande wa pili, tukafunga. Tukapanda daraja. Masereka alibebwa mabegani mpaka sokoni. Kisigino chake kilibusiwa na wanawake wa safu tatu.

Hiyo ndiyo mechi yenyewe. Sasa niambieni, ni nani aliyenipa mimi ile penalti?

Miaka ilipita. Masereka alivuka mpaka akaenda kukaa Beni, akafungua duka la vipuri. Afande alifariki. Mimi nilibaki langoni, na aliyebaki ndiye huonekana. Watu wakakumbuka kwamba kulikuwa na kipa aliyekataa taifa, na kwamba kulikuwa na penalti, wakaona ni uchoyo kugawa mambo mawili mazuri kwa watu wawili. Mwanzoni nilikuwa nasahihisha. Nikisahihisha watu walisema, mnaona alivyo mnyenyekevu, na kuniletea soda. Baadaye nikawa nasahihisha nusu. Mwishoni nikawa nakunywa soda tu. Nimesikia jinsi nilivyomsoma mpigaji macho, nilivyosubiri, nilivyonyooka kama simba. Nimesikia hadi nimeanza kuiona hiyo penalti usingizini, na ni nzuri kwa kweli.

Siku moja Masereka alikuja kwenye sherehe ya klabu, mvi tele, akakaa karibu nami. Mwenyekiti, huyuhuyu wenu anayelia, akasimama akasimulia penalti yangu yote kwa ishara za mikono. Masereka akanigeukia, akaningoja niseme. Nilikuwa na nafasi, watu walikuwa kimya. Nikanywa soda. Yeye akapiga makofi pamoja na wengine, akarudi Beni kesho yake, na hajakanyaga tena hapa. Niliona aibu siku ile na naiona mpaka leo ninapoandika.

Haya, Biira. Siku ya mkutano, aliposema atafanya kama Mzee Kizibo, mimi nilikuwa kiti cha mbele na nilipigiwa makofi pia. Niliinua mkono, nikapunga. Mnakumbuka? Nilipunga kama rais. Siku ya soko iliyofuata nikapita kwa Mama Kavira. Siku hizi binti yake ndiye anauza, na ndiye mama wa sahani wa Biira. Mama mwenyewe amekaa kwenye kigoda, macho yamepungua, ulimi upo palepale.

"Banasema iko mutoto mwanamuke anakataa Kampala," alisema. "Banasema ni juu yako."

"Nimesikia, Mama."

"Umesikia. Na weye ulifanya nini?"

Akaita binti yake, akamwambia alete kitu kilicho nyuma ya madumu. Ikaletwa sahani yangu, imeshika kutu, kitenge kimekuwa cheusi kwa mafuta. Akaniwekea magotini.

"Mie nilinyamaza juu yako miaka yote. Ile ilikuwa zambi yako, nikaifichia. Ya huyu mutoto sifichi. Weye utaenda leo, ao mie nitaenda kesho na hizi magulu yangu mbaya, na nitasema yote mu kanisa."

Nikaenda Nyakiyumbu siku hiyohiyo. Nilimkuta Biira shambani kwao, anapalilia maharagwe. Alifurahi kuniona, akaacha jembe, akaniletea kigoda. Nikamuuliza kwa nini amekataa. Akajibu yaleyale ya mkutanoni, klabu, ndugu, fainali. Nikamwambia hayo nimeyasikia na nilipoyasikia nilipunga mkono, sasa aniambie kingine. Akachokonoa udongo chini ya kucha kwa muda.

"Mzee, kule beko na makipa wawili, ile ya muzuri sana. Mimi nitakuwa ya tatu. Hapa mimi iko ya kwanza."

Nimedaka mipira mingi maishani, lakini hilo lilinipita. Nikamwambia kila nililowaandikia hapa: mabasi matatu, mtu wa gazeti, lori, benchi, ndoo, kisigino cha Masereka. Nilimwonyesha sahani. Alisikiliza mpaka mwisho na uso wake ukabadilika, na haukubadilika kuwa wa huruma.

"Kwa hiyo mimi nimekataa taifa juu ya uongo yako?"

"Ndiyo."

"Na penalti?"

"Hata penalti."

Alisimama, akapalilia mstari mzima wa maharagwe kwa hasira, akang'oa na maharagwe kadhaa. Mimi nikangoja kwenye kigoda. Aliporudi aliniuliza jambo moja tu. Aliniuliza kama nilipokaa benchi ile Jumapili nilikufa.

Nikamwambia sikufa. Nilipata njaa kidogo.

Barua ya kukataa ilikuwa haijatumwa, kwa sababu mwenyekiti wetu hatumi barua bila mhuri, na mhuri alikuwa nao katibu, na katibu alikuwa Butembo msibani. Ni mara ya kwanza uongozi wa klabu hii kumsaidia mchezaji. Asubuhi nilimsindikiza Biira mpaka Kasese na sahani yake imefungwa kitenge. Kituo cha mabasi kimejengwa upya lakini joto ni lilelile. Nilitaka kumpa zile glavu zangu za Kongo, nilikuwa nimezihifadhi sandukuni kwenye karatasi yake. Nilipozifungua pale mbele yake, raba ilikuwa imekauka, ikamomonyoka mkononi kama mkate wa juzi. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu shambani. Basi la kwanza likaja. Lilikuwa limejaa, nafasi ilikuwa nyuma kabisa, juu ya tairi. Akapanda hilohilo.

Mnasema tumefungwa kwa sababu yangu. Ni kweli. Mtoto aliyesimama langoni Jumapili ana miaka kumi na saba, goli la pili lilikuwa la jua, na kama mngemchagulia upande niliowaambia huko juu pengine tungefungwa moja tu. Atajifunza. Nimeshampeleka kwenye mti wa Afande, na sasa hivi anakula ovakado.

Masereka nimempigia simu. Nilimwambia kuhusu bango. Akauliza kama mchoraji wenu anaweza kuchora kisigino. Jumapili ijayo anavuka mpaka kuja, na nataka ukutani pasiwe na mtu ambaye hakuwepo langoni.

Jana Biira alinitumia ujumbe wa sauti kutoka kambini. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nyuma yake kuna kelele za wasichana na mtu anapiga filimbi.

"Mzee Kizibo, wasingya, asante. Chai yao iko mzuri, na mayai beko natoa mbili. Kocha alisema mimi ni kipa ya tatu." Hapo anacheka, kicheko kirefu, simu inaanguka na kuokotwa. "Ya tatu, Mzee. Naokota mipira siku muzima. Kesho naokota tena."